Mpiga Taipu wa Mlangoni pa Posta

Mpiga taipu wa mlangoni petu posta, anayewaandikia watu barua, husikiliza kwanza, vidole vyake vyembamba vimetulia juu ya mashine. Akisikia neno kali, hukohoa kidogo. Siku ile alikohoa sana. Mwanamke mmoja alitaka kumwandikia kaka yake, ambaye walikuwa wamenuniana naye miaka tisa, kwamba mama yao anaumwa.

"Mwambie hana utu!"

"Dada yangu, ukianza na matusi ataichana barua. Wema gani aliwahi kukutendea?"

Mwanamke akasimulia: utotoni yeye alivunja kioo cha baba, kaka akajitwika kosa, akachapwa badala yake. Mpiga taipu akaandika hayo tu, na chini yake: "Mama anakuulizia."

"Mbona hujamwambia aje?"

"Hilo mwachie ajiambie mwenyewe."

Wiki ya pili wakaja wote wawili, wametoka kumwona mama yao hospitalini. Kaka akauliza, "Ni wewe uliyeniandikia?"

"Aliyekuandikia ni dada yako. Mimi nilipiga taipu tu."

Walipoondoka akachomeka karatasi mpya. Nikiwa dirishani pangu pa kuuzia stempu nilisubiri mlio wa mashine, lakini alikuwa bado anafuta miwani.