Afisa wa Kufikisha Mtandao Vijijini

Afisa wa serikali wa kufikisha mtandao vijijini ana sauti ya kubembeleza mtoto, na vidole laini vinavyopangusa miwani kila anapoulizwa swali. Jana alijiwa na mwalimu mkuu: usajili wa mtihani unafungwa kesho, na shuleni kwake mtandao haushiki hata ukipanda juu ya paa. Afisa akamwonyesha ramani ukutani.

"Mama, kijiji chenu kimepakwa kijani. Mmeshafikiwa."

"Basi wasajili watoto wangu kwenye hiyo ramani, baba!"

Neno hilo lilimchoma. Akaisogelea ramani, akakitazama kijiji, akakubali kwa moyo mweupe kwamba rangi imepauka. Akachukua kalamu, akakikoleza polepole bila kuvuka mpaka.

"Haya mama," akasema, "jaribuni sasa."