Siku Ndege ya Burma Ilipomwangukia Mama Mkwe

Nijicheke mwenyewe kwanza ndipo mcheke nyinyi, maana haya yangu hayafichiki tena, Busia yote wanayajua, na huko Kisoko nikipita tu watoto wananyoosha mikono kama mabawa na kuunguruma. Sawa. Mimi ndiye yule aliyempiga mama mkwe kwa ndege.

Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka, lakini jioni natengeneza ndege ndogo za mbao (mtu mzima, ndiyo, na ndevu zangu). Mchumba wangu Athieno ni wa Kisoko, Tororo, na babu yake mzaa mama alikuwa askari Burma wakati wa vita vya Hitla, msituni kabisa ambako gari halifiki, wakapona kwa sababu ndege zilikuwa zinawatupia magunia ya chakula. Mzee alishafariki, na familia ikapanga ibada ya kumkumbuka. Athieno akaniambia, "Wandera, tengeneza ile ndege. Mjomba anasema siwezi kuolewa na mwanaume wa kuchezea vitu vya watoto. Mwonyeshe." Na posa yangu yote ilikuwa mikononi mwa huyo mjomba, mnaelewa?

Nikajenga. Kila mita ya ndege ya kweli nikaifanya sentimita tano, bawa hadi bawa karibu mita moja na nusu, injini mbili, madirisha nimeyahesabu kwenye picha. Tukaivusha mpaka wa Uganda kwa baiskeli, askari wa forodha akaizunguka, akauliza, "Hii inaruka?" Nikamwambia hairuki, mzee.

Mpango ulikuwa hivi: waya utoke kwenye paa la nyumba, ndege iteremke polepole juu ya wageni, ikome kwenye fundo nililofunga karibu na kaburi, mlango ufunguke, vigunia vianguke, watu watoe machozi. Mwisho wa waya niliufunga kwenye nguzo ya hema la nyuma kwa kuwa ndiyo pekee iliyosimama imara, na humo ndimo alimokaa mama mkwe, kwani kwetu na kwao mkwe hashikwi, hatazamwi usoni, ukimwona njiani unaingia kichakani. Walimweka huko ili awe mbali nami. Asubuhi nilijaribu na vigunia vya maranda, ndege ikateremka taratibu kama bibi harusi.

Sasa shetani. Nikamsikia mjomba akicheka na wenzake, "Maranda? Mzee yetu alikuwa nakula maranda Burma?" Iliniuma hiyo. Nikaenda jikoni, nikaomba unga wa mahindi, unga wa kweli, nikajaza vigunia vyote mpaka vikawa vizito kama mawe. Sikujaribu tena. Kujaribu nini, na mimi ndiye fundi?

Mjomba akashika maikrofoni. "Ndugu zangu, mutazame juu! Ndege ya mzee nakuja!"

Nikaachia. Wee! Haikuteremka, ilichomoka, ikapita wageni, ikapita kaburi, ikalipita fundo langu kama halikuwapo, mchungaji akalala chini na Biblia yake, na mlango ukaja kufunguka ndani ya hema la nyuma. Nikasikia pu! kisha kimya, kisha wingu jeupe.

Hapo ningetulia. Lakini nilidhani nimeua mtu, nikakimbia, nikamkuta mama mkwe ameketi mweupe kuanzia kilemba hadi magoti, nami nikamshika kichwa kwa mikono yote miwili nikaanza kumpangusa, mashavu, nyusi, pua, huku nasema, "Pole mama, pole mama, fungua macho." Akafungua. Tukatazamana.

"Haki ya Mungu!" mjomba akapiga kelele, na maikrofoni bado iko mdomoni. "Kijana nashika mama mkwe! Mchana!"

Kina mama wakapiga yowe. Nikapelekwa nyuma ya nyumba kungoja hukumu, nikakaa juu ya tofali na bawa lililovunjika mapajani, nikajua Athieno ndiyo basi tena. Nililia, siwafichi.

Baadaye Athieno akaja, mdomo ameubana. "Mama amenituma," akasema. "Anasema baba yake aliwaambia miaka yote kwamba huko Burma gunia lilimwangukia likamvunja bega, na wao wakamcheka, wakasema mzee anatia chumvi. Leo ndiyo ameamini. Anasema ulete mbuzi wa kutakasa, halafu posa iendelee." Akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka huku machozi hayajakauka.

Nilileta mbuzi wawili (mjomba alijiongezea wake), na tumeoana. Tatizo ni kwamba juzi mjomba amenipigia simu, eti yule mzee wa Burma alikuwa na ndugu yake kwenye kikosi cha mizinga, naye anastahili kukumbukwa. Nimemwambia nitauchonga huo mzinga, lakini nimeapa mbele ya mke wangu kwamba utakaa nyumbani kwangu, upande wa Kenya, na mdomo wake utaelekea Kisumu.