Kabla ya Kupiga Fomati

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya kompyuta nilipewa brashi ya kupakia rangi, nikaambiwa nitoe vumbi kwenye mashine kumi na moja. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha serikali hapahapa Morogoro, na nilidhani nitastaafia pale. Kikaja kipindi cha ubinafsishaji, akaja mwekezaji, na sisi wa masijala tukawa wa kwanza kupunguzwa. Taipureta yangu ilibaki juu ya meza, na karatasi iliyoandikwa nusu ikiwa bado ndani yake.

Karakana ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, na ingawa ofisi nzima ilikuwa meza tatu na feni moja, alitaka tumwite Mkurugenzi. Tulimwita hivyo bila kinyongo. Chini yake alikuwepo Fundi Mkuu, mtu mzima wa makamo, mpole, ambaye zamani alikuwa akitengeneza redio. Yeye ndiye aliyenipa ile brashi.

"Mama Neema," aliniambia, "hapa watu wataleta mashine. Ugonjwa wa mashine nusu ni vumbi, nusu ni mwenye mashine. Anza na vumbi."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kompyuta zilizotumika Ulaya zilikuwa zinaingia nchini kwa makontena. Walimu, wahadhiri wa Mzumbe na watumishi waliokuwa na watoto nje walianza kuwa na kompyuta sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Wengi hawakuwa na mtu wa kuwafundisha. Mashine ikigoma, waliifunga kwenye shuka wakaileta kwetu.

Dawa yetu ilikuwa moja: fomati. Kupiga fomati ni kufuta kila kitu kwenye diski, halafu unaweka programu upya kama vile mashine imetoka kiwandani leo. Ni kazi ya saa mbili na haihitaji kufikiri. Mkurugenzi aliipenda kwa sababu mteja aliondoka siku hiyohiyo. Mimi niliipenda kwa sababu niliiweza.

Mwezi wangu wa saba ililetwa kompyuta ya mwalimu mmoja wa kike wa Kilakala, mjane. Mashine ilikuwa inawaka, inaonyesha skrini ya buluu, inazima, inawaka tena. Nikapiga fomati kabla ya chakula cha mchana. Alipokuja kuichukua alikaa kwenye kiti, akashika mausi, akatafuta. Akatafuta tena.

"Nyimbo ziko wapi?" akaniuliza.

"Nyimbo gani, dada?"

Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya. Miaka mitatu ya mwisho ya maisha yake, alipokuwa mgonjwa, alikaa mbele ya ile kompyuta akichapa maneno ya nyimbo alizotunga mwenyewe. Zilikuwa themanini na kitu. Nakala nyingine haikuwepo. Fundi Mkuu alisogea, akanisikiliza nikijieleza, kisha akauliza jambo moja tu: "Ulimuuliza kabla hujafuta?"

Nikasema sikumuuliza.

Yule mwalimu hakupiga kelele. Alifunika kompyuta yake na shuka, akaniambia, "Ungeniuliza tu, mdogo wangu." Jumapili nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai. Radhi alinipa, lakini nyimbo sikuweza kumpa, na mpaka leo hilo linanikera kuliko lolote nililowahi kulifanya kazini.

Baada ya hapo Fundi Mkuu aliniketisha akanifundisha alama ya kurejea. Mafundi wa siku zile tuliita ristoo. Nawaeleza ninyi mliokuja baadaye, kwa kuwa naona simu na kompyuta za sasa zinafanya mengi zenyewe. Mashine ilikuwa na uwezo wa kujiwekea kumbukumbu ya hali yake: programu zipi zimewekwa, mipangilio ikoje, draiva zipi zinatumika. Draiva ni kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa kama printa. Kumbukumbu hiyo iliwekwa kwa tarehe. Ukiharibu kitu leo, unafungua kalenda iliyomo humo ndani, unaona siku zilizokolezwa wino, unachagua siku ambayo mashine ilikuwa nzima, unairudisha pale.

"Sikiliza vizuri," Fundi Mkuu alisema. "Inarudisha mfumo. Barua ya mtu haiigusi. Haiifuti, na wala hairudishi aliyoifuta mwenyewe. Mteja akikuuliza, mwambie yote mawili. Usimwambie moja ukaficha jingine."

Nilijifunza pia inavyogoma, maana iligoma mara nyingi. Diski ikijaa, mashine ilitupa alama za zamani kimyakimya, na wakati mwingine ilizima kabisa huduma yenyewe. Kirusi nacho kilijificha humohumo ndani ya alama. Unasafisha mashine, mwenyewe anairejesha nyuma, na kirusi kinarudi nayo. Hapo ilibidi uzime huduma ili alama zote zifutike, usafishe, uiwashe tena, kisha uweke alama mpya. Antivairasi nayo ilizuia urejeshaji, kwa hiyo tuliingia kwa hali salama: unabonyeza F8 mashine inapoanza kuwaka, nayo inaamka na vitu vichache tu vya lazima. Na umeme usikatike katikati. Hilo la umeme halikuwa mikononi mwetu.

Mwaka wa tatu nilitumwa Bigwa, kwa Mzee Kobelo. Alikuwa bwana misitu mstaafu, ametembea milima ya Uluguru kwa miguu maisha yake yote ya kazi. Macho yake yalikuwa yanafifia. Nilimkuta amekaa wima kwenye kiti cha mbao, mkono mmoja juu ya kompyuta kama mtu anayezuia mtoto asitoroke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Fundi wa kwanza alisema afute. Nikamfukuza. Na wewe unataka kufuta?"

"Hapana, mzee. Kwanza nataka kujua kuna nini humu."

Akanieleza. Humo kulikuwa na kitabu chake cha miti: kila mti aliowahi kuujua mlimani, jina lake la Kiluguru, unaota wapi, unatibu nini, nani alimwonyesha. Wengi wa waliomwonyesha walikuwa wameshakufa. Madaftari aliyoandikia yalikuwa yameliwa na mchwa, na macho yale yasingeweza kuandika upya. Alikuwa amenunua printa iliyotumika ili achape nakala, akaweka CD aliyopewa nayo, na tangu hapo mashine ikawa inawaka na kuzima.

Nikamwomba niichukue diski nikainakili karakana. Akakataa katakata. "Kitabu hakitoki humu ndani." Nikaingia kwa hali salama, mashine ikaamka. Kitabu kilikuwepo, nilikifungua akainama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. "Ndicho," akasema. Nikajaribu kukinakili kwenye disketi, lakini mlango wa disketi ulikuwa umekufa. Njia iliyobaki ilikuwa kuirejesha mashine.

Nilipofungua kalenda sikuona siku hata moja iliyokolezwa. Mwezi ule mtupu, mwezi wa nyuma mtupu. Nje wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani na taa ilishacheza mara mbili. Nilikuwa nimekuja na UPS ya ofisi, ile betri kubwa inayoshikilia umeme kwa dakika chache, lakini dakika chache si nyingi. Nikampigia Fundi Mkuu kwa simu ya mkononi.

"Hakuna alama," nikamwambia.

"Ina diski ya kutosha?"

"Ipo nusu tupu."

"Saa yake ilikuwa inasemaje ulipoiwasha?"

Ndipo nikakumbuka. Nilipofika, mashine ilikuwa inasema ni Januari ya miaka minne nyuma. Mimi, kwa unadhifu wa mpiga chapa, nilikuwa nimeirekebisha kabla ya kufanya lolote.

"Betri yake ya saa imekufa," Fundi Mkuu akasema. Hiyo ni betri ndogo ya duara, kama sarafu, inayotunza saa mashine inapozimwa. "Kila umeme ukikatika inarudi Januari ileile. Alama zake zote ziko huko. Na wewe umeiambia kuwa zina miaka minne. Mashine hutupa alama iliyozeeka, Mama Neema. Irudishe saa ilivyokuwa, sasa hivi, kabla haijaanza usafi."

Nilirudisha saa. Nikafungua kalenda upya. Januari, siku tatu zimekolezwa wino.

Mzee Kobelo alisikia pumzi yangu. "Imepatikana?"

"Bado, mzee. Tumepata mlango tu."

Nikatazama tarehe ya faili za printa, nikachagua alama iliyoitangulia kwa karibu. Mashine ikafanya kazi, ikazima, ikawaka, ikaandika kwamba haikuweza kurejeshwa na hakuna kilichobadilika. Hilo hutokea, alama nayo huharibika. Fundi asiyejua hukata tamaa hapo, akapiga fomati. Nikachagua ya pili, ya siku moja kabla. Mvua ikaanza kupiga mabati, umeme ukakatika, UPS ikaanza kulia, pii, pii. Mstari wa kijani kwenye skrini ulikuwa umefika katikati. Mzee akasimama, akaweka mkono begani kwangu. Sauti ya UPS ilikuwa imeanza kwenda mbio wakati mstari ulipojaa, mashine ikazima, ikawaka vizuri, na picha ya kawaida ikatokea. Nilikifungua kitabu, nikakifunga, nikaizima mashine yote taratibu kabla betri haijaisha. Tukakaa kwenye gizagiza la mvua ya mchana, tukanywa uji.

Umeme uliporudi nilitia betri mpya ya saa, nikaweka alama mpya kwa mkono wangu, kisha nikaweka draiva sahihi ya ile printa, maana CD aliyopewa ilikuwa ya printa nyingine. Ukurasa wa kwanza ulitoka umepinda kidogo. Aliushika kwa mikono miwili.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ile sura ya miti ya kandokando ya mito? Niliifuta wiki iliyopita kwa bahati mbaya. Si umerudisha siku za nyuma?"

Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Nikamwambia yote mawili kama nilivyofundishwa: mfumo umerudi, sura haikurudi. Nilitafuta kwenye kapu la takataka la kompyuta, nalo lilikuwa limemwagwa. Aligeuka akaangalia mlimani, ingawa sijui alikuwa anaona nini.

"Unajua kuchapa?" akaniuliza mwishowe.

"Nimechapa miaka kumi na nane, mzee."

Kwa Jumamosi tisa nilipanda Bigwa. Yeye alikaa na macho yamefumbwa, anautembea mto kutoka chini kwenda juu, mkuyu huu, mvule ule, upande wa kulia, upande wa kushoto, na mimi nachapa. Alipokosea alirudi chini akaanza kupanda upya. Sura ikakamilika, na alisema ni ndefu kuliko ya kwanza, kwa kuwa ile ya kwanza aliandika akiwa na haraka. Tulitoa nakala nne. Moja ilikaa kwa bintiye aliyekuwa akiishi Turiani, moja aliipeleka kijijini kwake mlimani, na wakati wa kuisoma, waliniambia, wazee walimsahihisha mara nyingi naye akafurahi.

Nilifanya kazi ile miaka kumi na mitano. Fundi Mkuu alipoondoka, Mkurugenzi aliniita ofisini, akaniambia, "Mama, kuanzia leo wewe ndiye Fundi Mkuu," na nikakaa kwenye kiti chake kilichochanika. Amri yangu ya kwanza ilikuwa karatasi niliyoibandika ukutani: mashine haifutwi mpaka mwenyewe aulizwe, ajibu, na aandike jibu lake kwa mkono. Mkurugenzi alilalamika kwamba tunachelewesha wateja. Baadaye aliacha kulalamika, kwa sababu wateja walizidi kutuletea kazi hata kutoka Mzinga na Mzumbe.

Nimestaafu sasa. Mengi niliyoyajua yamepitwa na wakati, na sioni aibu kusema hivyo. Vijana hunionyesha simu zao nami hushindwa hata kuwasha sauti. Sidhani kazi ya fundi imebadilika kwa kiasi hicho, lakini sina haja ya kubishana na mtu.

Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kupima presha. Karani wa mapokezi, binti mdogo wa umri wa wajukuu zangu, alikuwa anaandikisha wagonjwa wa asubuhi kwenye kompyuta, mara ikaganda. Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja nyuma yangu akasema, "Zima, uwashe!" Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, nilitaka kusogea. Yule binti akasema, "Subirini kidogo, wazazi wangu," akavuta karatasi, akaanza kunakili kwa kalamu majina yote yaliyokuwa bado yanaonekana kwenye skrini, moja baada ya jingine, namba na saa ya kufika. Alipomaliza, akahesabu watu kwenye mabenchi, akalinganisha. Hapo ndipo alipoizima.

Nilishusha mkono wangu, nikarudi kukaa, nikasubiri aniite.