Fishi Mbili za Darasa la Sita

Malaria ilinifanya nirudie darasa la tano, na mdogo wangu akanikuta humo. Nilikuwa na kijicho, sifichi. Mwalimu alipomsifu, mimi nilijifanya natafuta kifutio chini ya dawati.

Mwisho wa darasa la sita kila mtoto alipewa fishi, fomu ya kuchagua shule ya sekondari, ijazwe na mzazi. Baba yetu alikuwa sentinele, mlinzi wa nyumba moja ya kitajiri mtaa wa Muhumba, na hakujua kusoma. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, jambo pekee nililomshinda mdogo wangu, basi baba akaniita mezani.

“Andika. Mudogo yako, lise ya masista. Weye, coupe-couture.”

“Papa, miye pia nataka lise.”

“Mudogo yako iko na kichwa. Weye uko na mikono. Mashini ya maman yako iko pale, nani atashona nayo?”

Akatoka kunawa uso. Fishi yangu niliijaza kama alivyosema: shule ya kushona. Ya mdogo wangu niliishika kwanza. Akilini nilimwona amekwisha vaa sketi ya buluu na blauzi nyeupe za lise, anaongea Kifaransa cha puani na wenzake, na sketi yenyewe nimeishona mimi. Nikaandika na kwake: shule ya kushona.

Baba alirudi, akabandika kidole gumba kwenye zote mbili, akasifu mwandiko wangu.

Majina yalipotangazwa, langu na lake yalikuwa kwenye orodha moja, ya shule ya kushona. Mdogo wangu alilia siku mbili. Nilidhani baba atakwenda kuuliza. Hakwenda. Alikaa na koti lake la kazi mapajani, akasema polepole:

“Njo vile. Batoto ba sentinele habawezi kuingia kule kwa masista.”

Tangu hapo alizunguka mbali asipite mbele ya lise. Nilimwona akizunguka, nikanyamaza, mpaka tukamzika.

Kwenye shule ya kushona mdogo wangu alikaa kwenye cherehani iliyo jirani na yangu, na huko nako akanishinda. Nikamwonea wivu upya.

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini sikusoma lise. Nilimjibu kwamba babu yake hakutaka, na ni kweli. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na baba hakujua kusoma. Ningeweza kuandika lise kwenye fishi zote mbili. Siku ile wazo hilo halikunijia hata kidogo.