Nimenunua nyumba Makambako, mama wa muuzaji ananiita mkwe

Admin, jina langu liweke kapuni. Makambako tunajuana, na masweta mengi ya shule yanayovaliwa hapa mjini nimeyafuma mimi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, Mpangwa wa Ludewa, sijaolewa na wala sikuwa natafuta mume. Nilikuwa natafuta nyumba yangu mwenyewe, niache kugombezwa na mama mwenye nyumba kwamba mashine yangu ya kufumia inapiga kelele.

Na msinione mjinga. Rafiki yangu wa Njombe mjini aliuziwa kiwanja chenye kesi, kwa hiyo mimi sikukurupuka. Nilipopata nyumba ya huyu kaka, nitamwita Joni, nilizunguka mipaka pamoja na majirani, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikahakikisha hati ina jina lake na kwamba hana mke atakayeibuka baadaye. Mvua zilipoanza nikarudi kuangalia kama bati linavuja. Hata mwanasheria alinisifu, akasema wateja wangekuwa wote kama mimi angekosa kazi.

Nyuma ya nyumba kuna jiko la nje lenye chumba kimoja, na humo anaishi mama yake Joni, mjane. Kila nilipokwenda alinipokea kwa mikono miwili. "Kamwene, mwanangu," halafu vinakuja viazi, maharage, na siku moja kuku mzima. Mama ni Mbena, Kiswahili chake cha kuungaunga, hivyo Joni ndiye alikuwa mkalimani wetu. Nilimuuliza Joni pembeni mama ataishi wapi, akanijibu, "Tukishavuna mahindi namchukua, anahamia kwangu Njombe. Ameshakubali." Nikaridhika. Kwetu huwezi kukaa unakula kuku wa mtu mzima huku ukimuuliza atahama lini. Kwa hiyo niliuliza watu wote kasoro yeye, na hilo ndilo linalonitafuna sasa.

Siku niliyohamia, akina mama wa kanisani kwake walikuja na vigelegele, ndoo ya maharage na kuku jike. Mmoja akanivuta mkono, "Wifi, Joni anarudi lini tupange harusi?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Joni alikuwa amemwambia mama yake kwamba mimi ni mchumba wake, natangulia nyumbani wakati yeye anamalizia kazi Songea. Kumbe yule kuku nilimla kama mkwe wa watu.

Nilimpigia Joni simu hapohapo. Akaniambia kwa upole, "Dada, usimwambie, ana presha. Kaa naye tu, mwenyewe ni mzee yule." Tangu hapo simu zangu hapokei. Nilipanda gari hadi Njombe kuitafuta hiyo nyumba ya kumhamishia mama, nikakuta ni chumba cha kupanga, na ameshakihama.

Tangu siku ile situlii. Naanza sweta naliacha na mkono mmoja. Naondoka kwenda kwa mwenyekiti, nafika njiani nageuza. Kaka yangu kule Ludewa anasema, "Nyumba ni yako kisheria, mpe notisi aondoke." Ni rahisi kusema ukiwa Ludewa. Si yeye anayeamka kwenye baridi hii akakuta maji ya kuoga yameshachemshwa na kuwekwa mlangoni. Mara nyingine nayatazama nikiwa na hasira, najiapiza siyagusi, halafu nayaoga.

Juzi nikajikaza. Nilimkuta anamenya viazi, nikaketi kwenye kigoda nikamweleza yote, kwamba Joni aliniuzia nyumba, kwamba sina uchumba naye na hata alipo sipajui. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata dawa zake za presha nilikuwa nimezisogeza karibu. Hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nilivyowahi kumsikia. "Mchumba haji na watu wa kukagua mipaka."

"Sasa mama, kwa nini unaniita mkwe mbele za watu?"

"Mpangaji anafukuzwa, mwanangu. Mama mkwe hafukuzwi."

Kisha akaniuliza viazi avikaange au avichemshe.

Jamani, nilikasirika, na papo hapo nikamhurumia. Mwanawe wa kumzaa amemuuza pamoja na nyumba, na yeye hana pengine pa kwenda. Lakini na mimi nimefuma miaka mingi kuipata nyumba hii, sikuomba mama mkwe. Sijui kama ananipenda au ananishikilia tu. Nikimsikia asubuhi anaimba huko jikoni nahisi vyote viwili, na nafikiri hata yeye mwenyewe hajui.

Sasa kesho ni Jumapili. Ameshaongea na mzee wa kanisa kwamba wakati wa kutambulisha wageni atasimama na kunisimamisha mimi, mkwe wake, na kitenge chake kizuri ameniletea nivae. Nikisimama, hakuna mtu Makambako atakayenielewa siku nikimwambia ahame. Nikikaa, yule mama atabaki amesimama peke yake mbele ya usharika mzima, na kila mtu atajua mwanawe alimfanya nini. Ninyi mlionunua nyumba mkakuta na mtu ndani yake, na ninyi mlio na mama wazee, semeni nami kabla kengele haijalia. Nisimame au nikae?