Unyoya Nyuma ya Kompyuta ya Baba

Sisi tuliokua Arusha miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia majumbani tunakumbuka jinsi kila kitu cha umeme kilivyovishwa kitambaa. Redio ilikuwa na chake, televisheni na chake. Kwetu Themi, kompyuta ya baba ilivikwa kitambaa cheupe chenye maua ya njano, kikaifunika sipiyu mpaka mgongoni. Ndivyo tulivyoliita lile kasha, sipiyu. Vijana wa siku hizi hunicheka nikilitaja hivyo, na wacheke tu.

Kitambaa alikifuma mama kabla hajaondoka. Shirika alilofanyia kazi baba lilikuwa limeuzwa, yeye na wenzake wakapunguzwa, na mama akapata kazi Dar es Salaam. Tukawa tunamwona Krismasi. Baba alibaki na ujuzi wake wa kuchora ramani za nyumba. Akatafuta kompyuta iliyokwisha kutumika, akaiweka sebuleni, akaivika kile kitambaa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto pekee. Rafiki zangu wawili wa jirani walikuwa wamepelekwa shule za bweni Moshi, kwa hiyo nikirudi shuleni nilikula kiporo cha makande nikaenda kukaa sakafuni nyuma ya meza ya baba. Julai, ukungu wa Meru ukishuka, baridi ilikuwa inauma mpaka masikio. Nilikuwa naingiza mikono chini ya kile kitambaa, pale hewa ya moto inapotokea, nikawa naota joto huku nasoma. Baba alichora bila kusema neno. Jioni nzima ingeweza kupita hivyo.

Kisha mashine ikaanza kuugua. Baba akiizungusha nyumba kwenye kioo aone upande wa nyuma, mistari ya rangi inatokea, picha inaganda, halafu giza. Fundi wa mjini aliifungua akatuonyesha sahani ya kijani iliyochomekwa ndani. "Hii ndiyo kadi ya picha," alisema. "Inazidiwa na joto. Tafuteni nyingine."

Mzee Elifasi, mkulima wa kahawa kutoka huko juu mlimani, alikuwa ameahidiwa kuiona nyumba yake Jumamosi, yeye na mkewe. Alhamisi baba aliizima mashine, akakaa akiitazama.

"Aikande," aliniambia, "hii ikigoma mbele ya mzee, mimi nafunga kazi. Nitamfuata mama yako nikatafute kibarua huko. Wewe utakwenda kwa bibi Machame, umalizie shule."

Bibi nilimpenda, lakini nilikuwa nimeshazoea kukosa mzazi mmoja. Wawili nisingeweza.

Kesho yake nilipotoka shule baba alikuwa mjini anaulizia kadi. Nikabaki na mashine, nikaiwasha. Mezani palikuwa na ramani ya Mzee Elifasi, na baba alikuwa amechora vishale kutoka dirisha moja hadi la upande wa pili, kuonyesha upepo utakavyopita. Nilivitazama sana. Nilijua joto la sipiyu linatokea wapi, lakini sikuwahi kujiuliza hewa ya baridi inaingilia wapi. Nikaokota unyoya wa kuku uani, nikaushika nyuma ya kasha. Ulitikisika kidogo. Nikainua kitambaa, ukapepea. Kwa mbele, ambako kasha lilibanwa na ubao wa meza, haukutikisika kabisa.

Baba alirudi mikono mitupu. Nilimwacha avue koti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, hii nyumba haina dirisha la kuingizia hewa."

Akatazama ukuta. Nikamwonyesha sipiyu na unyoya wangu. Alichuchumaa, akajaribu mwenyewe mara mbili. Ndipo nikasema lile lililokuwa gumu. "Na kitambaa kitoke."

Alikishika pindo. "Mama yako atauliza kiko wapi."

"Atauliza Krismasi. Mzee anakuja kesho."

Alikikunja mwenyewe, mara nne, akakiweka kwenye droo.

Tuliitoa sipiyu pale ilipobanwa, tukaifungua. Vumbi la Themi lilikuwa limelala ndani kama blanketi, na kifeni cha kadi kimezibwa kabisa. Tulilitoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Nyaya bapa zilizokatiza mbele ya kadi tulizifunga pembeni kwa uzi. Baba akang'oa feni kwenye mashine mbovu aliyopewa na fundi, akaifunga kwa mbele. Tulipowasha, unyoya wangu ulisukumwa nje.

"Tumeiweka kinyume," baba alisema. "Inapigana na mwenzake wa nyuma."

Akaigeuza. Safari hii unyoya ulivutwa ukanata kwenye matundu. Baba alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Krismasi.

Jumamosi mke wa Mzee Elifasi alitaka dirisha la jiko lielekee migombani, amwone anayekuja. Baba alilihamisha, akaizungusha nyumba pande zote. Picha haikuganda. "Tuanze msingi," mzee alisema, na Machame sikwenda.

Ila nyuma ya kasha sasa ilitoka hewa ya uvuguvugu tu, nikawa nasoma mikono ikiwa ndani ya sweta. Mama alipokuja Krismasi aliulizia kitambaa chake. Baba akakitoa kwenye droo. Mama akasema huko Dar ana televisheni yake, akaondoka nacho.

Siku hizi mwanangu ana kompyuta yenye ubavu wa kioo na feni saba zinazowaka rangi kama ukumbi wa harusi. Nikimuuliza upepo unaingilia wapi, anatafuta jibu kwenye simu. Enzi zetu mashine ilikuwa moja na tuliizunguka wawili, hata kama hatukusemezana. Kwangu sasa kila mtu ana yake, na mlango wake.

Juzi baba alinipigia. Ni mzee sasa, amerudi Machame. Akaniuliza kama niko peke yangu. Nikamwambia hapana, wote wapo nyumbani. Tulipoagana nikapakua chakula, nikawaita waje kula. Nikakaa kidogo, nikaita tena.