Kilo za Mama Mkwe

Jamani, mimi nimefanya mengi ya aibu, nimeanguka na baiskeli mbele ya kwaya, nimeimba ubeti usio wake kanisani, lakini hili la kumpima mama mkwe wangu nilikuwa nimeapa nitazikwa nalo. Leo nalitoa kwa sababu wenyewe mmeanza kucheka kabla sijasema.

Enzi zile mashamba ya ngano yakiwa bado ya serikali, mimi nilikuwa karani wa ghala katika shamba moja kule Hanang, chini ya mlima. Kazi yangu mizani. Gunia likishushwa mimi nalitazama tu nasema tisini na mbili, wanalipandisha, kweli tisini na mbili, na wapakiaji wananipigia makofi (sifa hizi ndizo zilizoniponza). Ndege ndogo ikija kuleta vipuri vya kombaini, zile mashine za kuvuna, inatua kwenye uwanja wetu wa majani, na abiria wa kurudi nayo nawapima mimi, kwa mizani ile ile ya magunia.

Sasa mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Paskalina, alikuwa anaishi kijijini Maretadu na macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, anapapasa ukuta kutafuta mlango. Tukasikia daktari wa macho amefika Moshi na kesho yake asubuhi anaondoka, na barabara mvua ilikuwa imeikata. Nikamlilia rubani, Kapteni Anselm, mtu mpole kabisa, akakubali kumchukua. Tulikuwa na nafasi hiyo moja, na ikipotea, mama wa watu anabaki gizani hadi Mungu ajue lini.

Kapteni akaniambia, "Bwana Boay, leo nipimie vizuri. Ni saa nane, jua kali, na huku kwenu ni juu. Hewa imekuwa nyepesi, bawa halina kitu cha kuegemea, na injini yenyewe inahema. Kilo ambazo asubuhi nabeba nikipiga mluzi, saa hizi zinanishinda." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyesomea.

Mama mkwe akaja ameshikwa mkono na Paskalina, amejifunika shuka tangu kichwani. Sasa niambieni nyinyi. Mimi nimelelewa kwamba mama mkwe hatazamwi, unamwamkia shikamoo macho yako yakiwa chini, unapisha njia. Huyo nimpandishe kwenye mizani ya magunia, mbele ya madereva wa kombaini wanaokula ugali na watoto wa shule waliokuja kuona ndege?

Paskalina akaninong'oneza, "Nimpandishe mimi, wewe uangalie namba tu."

"Haina haja," nikasema. "Macho yangu ndiyo mizani."

Macho gani, wakati sikuweza kumwangalia? Nilichokiona ni miguu tu, nayo, Mungu ni shahidi, ilikuwa midogo na safi kama ya binti wa kipaimara, basi kwa miguu ile nikaandika kwenye karatasi kilo hamsini na tano, nikajisifu moyoni kwamba nimeandika kwa heshima. Fundi mkuu wa karakana alipoona hesabu imebakisha nafasi akafurahi, akaleta giaboksi ya kombaini iende Moshi kutengenezwa, na mimi nikamsaidia kuinyanyua!

Ndege ikaanza kukimbia. Siku nyingine ikifika kwenye mapipa meupe ya pembeni, yanayoonyesha nusu ya uwanja, inakuwa imeshaacha ardhi. Ikayapita mapipa. Ikainua pua kidogo, ikairudisha chini, ikakimbia, na ile soksi ya kitambaa mlingotini inayoonyesha upepo unakoelekea, iliyokuwa imelala tangu asubuhi, ikageuka ghafla, upepo wa mlimani ukaanza kuisukuma ndege kwa nyuma badala ya kuipiga usoni ipate kuinuka, na mimi najua mwisho wa uwanja kuna shamba na mwisho wa shamba kuna korongo. Sikuomba sala yoyote nzuri. Nilisema tu, "Hamsini na tano, hamsini na tano," kama kichaa.

Kapteni akaikata injini nguvu, akakanyaga breki, ndege ikaingia kwenye mabua ya ngano ikasimama, gurudumu moja likapasuka. Tulikimbia wote. Mama mkwe akateremshwa mzima, bado amekumbatia kitu ndani ya shuka. Kapteni naye hakupiga kelele (ni heri angepiga). Alichukua karatasi yangu akaisoma mbele ya watu.

"Mama, samahani. Hapa umeandikwa kilo hamsini na tano."

Mama mkwe akageuza uso kuelekea sauti. "Hamsini na tano? Baba, hizo nilikuwa nazo kabla sijaolewa."

Mabua yenyewe yalicheka. Fundi mkuu alishika bawa la ndege asianguke. Wakamrudisha mama ghalani wakampima, mzee wa watu, mizani ikasema tisini na moja, pamoja na kibuyu cha samli alichoficha ndani ya shuka cha kumpelekea daktari. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini kilichoniuma si kicheko, ni kumwona Paskalina hacheki, amemshika mama yake kiwiko na kunitazama mimi. Ule uoga wangu niliouita heshima ulikuwa umekaribia kumuua mama yake.

Gurudumu lilizibwa jioni, na upepo ulikuwa umeshachafuka. Kapteni akasema atalala, ataondoka alfajiri hewa ikiwa bado baridi na nzito, na kama daktari atamkuta, atamkuta. Mama mkwe akalala kwangu, na kwa kuwa mimi na yeye hatuwezi kulala chini ya paa moja, mimi nililala ghalani juu ya magunia, pembeni ya mizani yangu.

Kulipopambazuka wakaja. Giaboksi ilikuwa imeshushwa. Nikasimama nyuma ya mizani, macho yangu chini, naiona ile miguu midogo inapapasa ubao, inapanda yenyewe. Nikasikia, "Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Inua macho usome. Mizani haiko miguuni kwangu. Na usome kwa sauti, mimi sioni, nimtegemee nani?"

Nikainua macho. Nikasoma kwa sauti: "Themanini na sita, mama."

"Haya. Kibuyu nimekuachia nyumbani, ule upate nguvu."

Ndege haikufika hata kwenye mapipa. Ilinyanyuka kama imeitwa, ikapinda kuuzunguka mlima, na mimi nikabaki ghalani nikilia peke yangu, mtu mzima mwenye watoto.

Daktari walimkuta anafunga sanduku, akalifungua. Wiki tatu baadaye mama mkwe aliteremka kwenye basi mwenyewe, hakushikwa mkono. Nikaharakisha kumwamkia, nimeinama kama kawaida yangu.

"Marahaba. Sasa simama wima nikuone, maana sijawahi kukuona." Nikasimama. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama mimi na magunia yangu. "Kumbe ndiye huyu! Paskalina, huyu unampa chakula? Hata hamsini na tano hafiki."

Tangu siku ile sijamkadiria mtu kwa macho, awe mkwe, awe askofu, atapanda na nitasoma kwa sauti. Na jioni ile aliyorudi mama, watu walipotawanyika, nilifunga mlango wa ghala nikapanda kwenye mizani mwenyewe. Hamsini na nne.